Macho ya Bibi Hao

Hao Runlian alikuja kituoni kwetu mwezi wa nane, siku ya joto kali, akiwa na thermosi ya maji ya moto kwapani na mjukuu aliyemfunga mkononi kwa utepe wa nguo asimponyoke barabarani. Nilimwambia afungue ule utepe, maana hapa kwetu mlango unafungwa kwa ndani. Akaufungua palepale, akaukunja vizuri, akautia mfukoni. Wiki mbili baadaye nikamwona njiani anakimbizana na mtoto katikati ya pikipiki za umeme, jasho linamtiririka, na nilipomuuliza utepe uko wapi alinishangaa.

"Si ulisema nifungue, mwalimu?"

Ningekuwa na akili ningeliandika hilo kwenye faili: huyu mama ukimwambia jambo atalifanya mpaka mwisho, kwa hiyo chunga mdomo wako. Lakini mafaili yetu yana nafasi ya matatizo ya mtoto tu. Nikaandika jina la mtoto, Ren Suisui, miaka sita, usonji. Na kwenye mstari wa kwanza wa tabia nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: hatazami watu machoni.

Kituo chetu kiko Taiyuan, ghorofa ya nne, juu ya duka la vigae vya bafuni. Tuna vyumba kumi na vinne vidogo, kila kimoja kina meza ya mtoto, viti viwili vya mtoto na kiti kimoja cha mtu mzima kilichosukwa kwa kamba za plastiki. Mimi ni mwalimu Geng. Nimekalia viti vya watoto kwa miaka kumi na mmoja, na mgongo wangu umeshanitangulia uzeeni.

Kazi yenyewe haina siri. Unaweka kadi tatu mezani, unasema, "Nipe kikombe." Mtoto akitoa kikombe anapata kipande cha kitu anachokipenda na sifa za kutosha. Akikosea unamshika mkono, unamwongoza, na siku zinavyokwenda unapunguza msaada kidogo kidogo mpaka afanye peke yake. Mara ishirini asubuhi, mara ishirini mchana. Mlezi anakaa nyuma ya bega la mwalimu anajifunza, maana jioni yeye ndiye mwalimu. Anarudi na mtoto kwenye chumba cha kupanga, wanafanya mara ishirini nyingine, anajaza karatasi ya alama, kesho analeta. Ndivyo tunavyofanya kazi sote nchini humu. Mtoto anakaa nami saa moja kwa siku, saa nyingine zote anakaa na mama yake au bibi yake, kwa hiyo tunawafundisha hao.

Kwa Suisui alikuja bibi kwa sababu wengine hawakuweza. Baba yake anaendesha lori la makaa ya mawe, leo yuko Mongolia ya Ndani, kesho yuko bandarini. Mama yake amebaki kwenye mji wao mdogo milimani, saa nne kwa basi, na mtoto mchanga wa kiume. Bibi Hao alikuwa na miaka sitini na mitatu, mjane, mstaafu wa kiwanda cha nguo, sikio la kushoto limekufa na la kulia linasikia linapotaka. Alipanga chumba nyuma ya soko la mboga, jiko lao likiwa kwenye kibaraza. Alikuja na gunia la kunazi zilizokaushwa kutoka kwao, na kila usiku alizikata vipande sita sita kwa kisu kidogo, kwa sababu nilimwambia zawadi iwe ndogo isimshibishe mtoto.

Siku ya kwanza nilimwambia jambo lingine.

"Usimwonyeshe kwa mkono, Bibi. Ukinyoosha kidole tu, tumeharibu."

Akaikalia mikono yake. Nasema kweli, akaiweka viganja chini, akaikalia, na kwa miezi tisa nilipogeuka mwisho wa somo nilimkuta hivyohivyo, na alipoitoa ilikuwa imechorwa mistari ya zile kamba za plastiki. Wenzake wa kwenye korido walimcheka mpaka basi. Mkali wao alikuwa Mzee Duan, babu wa mtoto wa chumba cha jirani, mtu ambaye mdomo wake haujui likizo.

"Bibi Hao! Unaatamia mayai?"

"Naatamia. Yakianguliwa nitakuletea kifaranga, ukae naye wewe uache kutusumbua."

"Niletee jogoo basi, aniamshe saa kumi na moja."

"Wewe hata jogoo atakuchoka siku moja tu."

Miezi minne ya kwanza hatukupata kitu. Karatasi zilikuja kila asubuhi zimejaa alama za kutoa, zimechorwa kwa rula. Suisui alizungusha kadi, alizilamba, alizipanga ukingoni mwa meza zikianguka moja moja. Hakulia sana. Alikuwa mtoto mwepesi, mwenye nywele za kahawia kama aliyekosa lishe, na alipofurahi alipiga vidole vyake kifuani haraka haraka. Mimi huwa siwaahidi watu kitu. Nilimwambia bibi yake tuendelee, naye akaendelea.

Halafu mwezi wa kumi na mbili, theluji ikiwa imelala kwenye vibaraza, nikasema, "Nipe kiatu," mtoto akanipa kiatu. Nikasema, "Nipe tufaha," akanipa tufaha. Wiki ile tulipata nane kati ya ishirini. Mwisho wa majira ya baridi alikuwa anapata kumi na nane. Majira ya kuchipua alikuwa anapata zote ishirini, kituoni na nyumbani, kadi mpya ikija leo kesho ameishika. Mkuu wa kituo akaichukua karatasi ya Suisui akawa anawaonyesha wazazi wapya. Na mimi nilijisifu, siwezi kukataa. Katika kazi hii unapata mtoto wa namna hiyo mmoja kwa miaka mitatu, na siku unayompata unasahau kwamba mgongo unauma.

Mwezi wa nne Bibi Hao aliningojea ngazini.

"Mwanangu Erping amepiga simu," alisema kwa sauti yake ya kupaza, korido nzima ikasikia. "Anasema Suisui akipata darasa la kwanza hapa mjini mwezi wa tisa, tubaki, mimi nikae naye darasani. Asipopata, nirudi naye nyumbani."

"Huko nyumbani kuna shule itakayompokea?"

"Ipo wapi? Kuna chumba na televisheni. Mkwe wangu ana mtoto mchanga, mlango wa nje ataufunga kwa komeo, atafanyaje? Simlaumu." Akashusha sauti kidogo, ikawa sauti ya watu wa kawaida. "Mwalimu, nikimrudisha mle ndani hatatoka tena."

Nilijua anasema kweli. Nimewaona wanaorudishwa nyumbani. Baada ya miaka miwili wanaletwa kwa ajili ya cheti fulani, wamenenepa, wamenyamaza, wanatembea kwa kufuata ukuta. Mwanaye si mtu mbaya, amechoka tu, naye hana tofauti na sisi wengine.

Kamati ya wilaya huwapima watoto katikati ya mwezi wa sita. Wanakaa watu watatu, mtoto anaingia peke yake na mtu asiyemjua, mlezi anangoja nje. Anapewa maagizo ishirini. Akitimiza kumi na mawili, shule ya mtaa inampokea, mlezi akikaa naye benchi la nyuma. Nilimwambia Bibi Hao asihofu, Suisui atazipata zote. Nilisema hivyo nikicheka.

Mwezi wa tano miti ya mipopla ilianza kumwaga pamba zake. Zinaingia kila mahali, puani, kwenye uji, kwenye maandishi. Asubuhi moja tukiwa mezani simu ya Bibi Hao ikalia. Kwa sababu ya sikio lake huwa anazungumza kwa kelele, basi akatoka akaenda kupigia kelele koridoni.

"Suisui, nipe kijiko."

Mtoto alitazama juu ya bega langu. Akangoja. Nikarudia. Akashika kadi ya mwavuli, akairudisha, akatazama tena juu ya bega langu. Nikasema, "Nipe kitanda." Akanipa samaki. Nikasema, "Nipe ndizi." Akaangusha zote tatu chini. Nilijaribu mara kumi na akapata moja, tena nadhani kwa kubahatisha. Nikalaumu pamba za mipopla, nikainuka kufunga dirisha.

Bibi Hao akarudi, akakaa, akaikalia mikono. Nikarudia kadi zilezile kumi. Suisui akazipata zote kumi.

Nilielewa kabla sijataka kuelewa. Miezi tisa yule mama alikuwa nyuma yangu, na kwa miezi tisa sikuwahi kuuona uso wake kazi inapofanyika. Kesho yake nikaegemeza simu yangu kwenye rafu, kamera ikimwelekea yeye, na mchana nikatazama nilichorekodi huku bakuli la tambi liko mbele yangu. Mikono iko chini, imetulia. Midomo imefungwa. Nasema, "Nipe mswaki," na macho ya Bibi Hao yanakwenda kushoto, yanatua kwenye mswaki, yanarudi kwa mtoto. Waziwazi, mtu aliyesimama mlangoni angeliona. Nasema, "Nipe bata," yanakwenda kulia, yanatua, yanarudi. Na Suisui, ambaye nilimwandikia kuwa hatazami watu machoni, kila mara kabla ya kunyoosha mkono alimtazama bibi yake machoni. Nilitazama mara tatu. Zile tambi zikavimba, nikazimwaga.

Nilimwonyesha jioni ileile. Aliishika simu mbali na uso, akakunja macho. Ilimchukua muda kidogo, kisha akaangua kicheko.

"Loo! Ona macho yangu! Mwalimu, hiyo ni ya kiwandani hiyo!"

"Kiwanda gani?"

"Kiwandani kwetu, mashine mia nne chumba kimoja, hata ukipiga mayowe husikiki. Nimekaa mle miaka ishirini na sita. Uzi ukikatika unamtazama mwenzako, unautazama uzi, amekuelewa. Tulikuwa tunazungumza hivyo siku nzima. Mpaka kusengenya! Msimamizi anapita katikati yetu na tumbo lake, tunamsema, hana habari." Alicheka tena, akajifuta machozi. Kisha akaitazama simu mara ya pili, kicheko kikaisha chenyewe. "Kwa hiyo si yeye anayejua."

"Hapana."

"Ni mimi."

"Ni wewe, Bibi. Zile ishirini zote ni zako."

Ningeweza kusema kwa upole zaidi. Ningeweza kumwambia kilichokuwa kweli pia, kwamba mtoto asiyemtazama mtu duniani amejifunza kuusoma uso wa mtu mmoja, na kwamba nimejua watoto wengi waliokwenda shule bila kuupata huo. Lakini ilikuwa saa kumi na moja na nusu, mtoto wa mwisho analia mlangoni kwangu, mama yake anatazama saa, na nilikuwa na hasira. Nilikasirika kwa sababu nilidanganyika miezi tisa, na karatasi yangu ya kujivunia ilikuwa upepo mtupu.

"Sasa nifanyeje?" aliuliza. "Zimebaki wiki tano."

"Usimtazame. Macho yako yanamwambia kila kitu. Mpaka siku ya kamati, usimtazame."

"Kabisa?"

"Kabisa," nikasema, nikamfungulia mlango mtoto mwingine.

Kuanzia siku ile Bibi Hao aligeuza kiti chake akawa anatazama ukuta. Juma la kwanza lilikuwa baya. Suisui alitupa kadi, alijiuma kifundo cha mkono, alisimama juu ya kiti achungulie juu ya bega langu, na akikuta mgongo wa bibi yake alipiga yowe moja refu mpaka Mzee Duan akafungua mlango kuuliza kama kuna mtu amekufa. Nikaziweka kadi kando. Nikaanza upya na vitu vyenyewe, kikombe cha kweli, kijiko cha kweli, kiatu chake mwenyewe. Nilimshika mkono, nikamwongoza, nikaondoa msaada, nikamshika tena. Sijawahi kufanya kazi kama ile kwa wiki tano, hata nilipokuwa kijana. Nilifika nyumbani nikalala na nguo.

Juma la pili alikuwa anapata tatu. La tatu, saba. La nne nikarudisha kadi, akapata kumi na moja, kesho yake kumi na tatu, na safari hii zilikuwa zake kweli. Hakuchungulia tena juu ya bega langu. Alikaa, akangoja agizo, akatoa kadi, akachukua kunazi, akala. Asubuhi alikuwa anaingia bila kuvutwa na mchana anatoka bila kugeuka. Nikaandika kwenye faili: ametulia, umakini umeongezeka. Sikuona mara ya mwisho alipopiga vidole kifuani ilikuwa lini. Yaani niliona kwamba hapigi tena, nikahesabu kuwa ni maendeleo, maana kwenye orodha yetu tabia ile imo katika za kupunguza.

Bibi Hao alikonda. Mzee Duan alimchokoza koridoni.

"Bibi, wewe na ule ukuta mnaposana? Maana mnavyotazamana!"

Hakujibu. Akapita, thermosi kwapani, macho yake kwenye vigae vya sakafu, mkono wake nyuma ukiwa umemshika mjukuu. Mzee Duan akanigeukia.

"Mwalimu Geng, huyu mama haumwi kweli?"

"Anaogopa kamati tu."

"Sote tunaiogopa, lakini tunajibizana."

Nilimwambia kila mlezi anabadilika karibu na kamati, na hiyo ni kweli. Sikwenda mbali zaidi. Nilikuwa na watoto wengine saba.

Siku ya kamati tulikwenda pamoja kwa basi. Ofisi za wilaya ziko ghorofa ya tatu, korido ndefu yenye mabenchi ya chuma na watu wanaosemezana chinichini. Suisui alikuwa amevishwa gauni jipya la manjano, lebo imekatwa ili isimkerekete shingoni. Mwanamke mwenye miwani akatoka, akasoma jina, akampa mkono. Mtoto akaushika ule mkono wa mgeni akaingia naye, hakugeuka. Nilifurahi sana kuona hivyo. Bibi Hao alikuwa ameinamisha kichwa, anahesabu vigae.

Walikaa mle dakika arobaini. Hakuna yowe lililosikika. Mlango ulipofunguliwa, yule mwanamke mwenye miwani alikuwa anatabasamu.

"Kumi na nne," alisema. "Safi sana. Barua ya shule itatoka wiki ijayo. Nani atakaa naye darasani, ni wewe Bibi?"

"Ni mimi," alisema Bibi Hao. Akakaa kwenye benchi.

Nilimshika bega. Nilikuwa nalia, sioni haya kusema, nalia kwa uchovu kuliko kwa furaha, nafikiria kitanda changu. Suisui alisimama kati yetu anafungua na kufunga kifungo cha gauni. Bibi Hao akaivuta leso, akapenga kamasi, akanitazama mimi, kisha akaniuliza kwa ile sauti yake ya kupaza, watu wa mabenchi yote wakageuka:

"Mwalimu, sasa ninaruhusiwa kumtazama?"

Nilidhani ananitania. "Kumtazama vipi?"

"Si ulisema mpaka siku ya kamati. Leo ndiyo siku ya kamati. Imekwisha?"

"Bibi Hao, nilisema mezani. Wakati wa somo."

"Ulisema kabisa." Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa ananikumbusha, kama mtu anavyomkumbusha mwenzake alikoweka funguo. "Nilikuuliza, ukasema kabisa. Kwa hiyo nilimlisha hivyo, nimeinama. Nikamwogesha hivyo. Usiku nilimlaza nimegeukia dirishani."

Niliuondoa mkono wangu begani kwake.

"Mwanzoni alihangaika," aliendelea. "Alikuwa ananishika kidevu kwa mikono yake yote miwili, ananiinua uso. Hivi. Ananiinua, ananitafuta macho. Basi nikawa nayafumba. Nikajiambia, vumilia Runlian, ni kwa ajili ya shule. Siku nne alinishika kidevu hivyo, asubuhi na jioni. Siku ya tano akaacha."

"Akaacha," nikarudia.

"Hajanishika tena. Sasa ninaruhusiwa?"

Nilimwambia anaruhusiwa. Niliisikia sauti yangu ikisema, na nilijichukia. Miaka kumi na mmoja nimewafundisha watu jinsi tabia inavyokufa: unainyima kile inachokitafuta, siku tatu, siku nne, inapamba moto, kisha inazimika. Tuna sura nzima ya hilo kwenye kitabu cha mafunzo cha kituo. Yule mama aliifuata sura ile bila kuisoma, bila kukosea hata siku moja, na kilichozimika ni kitu pekee ambacho hakuna kadi ya kukifundisha.

Bibi Hao alishuka kwenye benchi akapiga magoti sakafuni, uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto. Akavua kofia yake ya jua. Akamtazama. Alimtazama kwa macho yale yote ya kiwandani, yanakwenda kwenye kifungo cha gauni, yanarudi, yanakwenda kwenye mfuko wenye kunazi, yanarudi. Suisui alifungua kifungo, akakifunga. Bibi yake akamwita jina. Mtoto akanyoosha kiganja, akangoja kunazi, macho yake yako kwenye kile kiganja.

"Mpe muda," nikasema. Nimewaambia maneno hayo walezi wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

"Nitampa," alisema. "Kwani nina kazi gani nyingine?"

Aliweka kipande cha kunazi kwenye kiganja, akainuka kwa kushikilia benchi, magoti yakilia. Tukaanza kushuka ngazi kwenda kituo cha basi, mimi nyuma yao. Bibi Hao alimshika mtoto mkono mmoja na kwa mwingine alishika ukingo wa ngazi, akawa anashuka kinyumenyume, kidato kwa kidato, uso wake ukiwa mbele ya uso wa mtoto. Nilimwambia ataanguka. Hakunisikia, au labda lile sikio la kulia halikutaka kusikia.